Wako Wapi Waliosoma Sanaa? Majibu kwa Barua za Wasomaji

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji waliopitia vyuo vya sanaa watuandikie kuhusu maisha yao baada ya masomo: wanafanya kazi gani, wanaishi wapi, na yale waliyofundishwa yamewafaa kwa namna gani. Barua zilizofika ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na baadhi zimetoka kwa wazazi ambao wenyewe hawakusoma sanaa lakini wana sababu nzito ya kuuliza. Tumechagua nne. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne na ninaishi Kihonda, Morogoro. Binti yangu wa pili amemaliza kidato cha nne na anataka kwenda kusoma sanaa Bagamoyo. Baba yake amekataa katakata. Anasema hakumsomesha mtoto ili akakate viuno kwenye harusi za watu. Mimi bado sijasema lolote. Nimekuwa nikiuliza watu waliosoma huko wako wapi hivi sasa, na kila ninayemuuliza hunitajia wanamuziki wawili watatu, kisha hunyamaza. Je, wengine walikwenda wapi?

JIBU: Mama, hilo ndilo swali ambalo kila mzazi angepaswa kuliuliza kabla ya kulipa ada, na unastahili jibu refu kuliko majina mawili matatu.

Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, baada ya kuvunjwa kwa vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo vilivyoundwa baada ya Uhuru, na wasanii wa vikundi hivyo walikuwa miongoni mwa walimu wake wa mwanzo. Mwanafunzi alipitishwa katika ngoma, maigizo, muziki, sarakasi na sanaa za ufundi kabla ya kujikita katika fani moja. Mpango huo ulikuwa na sababu yake. Mhitimu aliyepelekwa wilayani kuwa ofisa utamaduni, au aliyeajiriwa kufundisha shuleni, alijikuta peke yake, na alipaswa kujua kuwamba ngoma, kuongoza igizo na kuchora pazia la jukwaa bila kuwa na mtu wa kumuuliza. Mwaka 2007 chuo kilifanywa wakala wa serikali na kuitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wengi tunaijua kwa jina la TaSUBa. Basi unapouliza wengine walikwenda wapi, watafute kwanza katika kazi ambazo jina la mtu halitangazwi: darasani, katika ofisi za halmashauri, nyuma ya kamera za tamthilia za televisheni, katika kwaya na vikundi vya vijana, na katika vyuo vilevile vilivyowafundisha.

Wanaopima mafanikio ya msanii kwa miaka miwili baada ya kuhitimu humwonea. Nakuomba utazame maisha ambayo tunaweza kuyaona kwa urefu wake wote. Sam Ntiro alikuwa kijana wa Machame, Kilimanjaro, aliyesoma Makerere katika masomo ya sanaa ambayo Margaret Trowell alikuwa ameyaanzisha mwaka 1937 kwenye baraza ya nyumba yake. Baadaye alikwenda kusoma katika shule ya sanaa ya Slade, London, na mwaka 1960 jumba la Museum of Modern Art la New York lilipata picha yake inayoonesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mtu anayetafuta nyota angeishia hapo. Lakini baada ya Uhuru Ntiro alikuwa balozi wa Tanganyika mjini London, kisha akasimamia utamaduni serikalini, kisha akafundisha, na katika miaka yote hiyo hakuacha kuchora mashamba na watu wa kwao. Elimo Njau wa Marangu, ambaye naye alisoma Makerere, alichora habari za Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, akiziweka katika vilima na migomba ya Wakikuyu wenyewe. Halafu mwaka 1965 yeye na mkewe Rebeka, pamoja na wenzao, wakaanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi, mahali ambapo wasanii wa Afrika Mashariki walionesha kazi zao bila kusubiri kualikwa na wageni. Gregory Maloba, Mkenya, ndiye aliyechonga Mnara wa Uhuru uliosimama Kampala tangu 1962, na baada ya hapo alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kufundisha. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye maisha yake yangeweza kukisiwa siku alipopokea cheti.

Sasa niseme na baba yake binti, kwa heshima zote. Mzee, hofu yako ina ukweli ndani yake, na anayekwambia kwamba haina ukweli hakutakii mema. Wako wahitimu wanaocheza kwenye harusi na kwenye hoteli kwa ujira mdogo unaolipwa usiku wa manane, na wako mabinti wanaosumbuliwa na watu wanaodhani kwamba mcheza ngoma hana heshima ya kulindwa. Hayo hayaondoki kwa kumkataza mmoja. Yanapungua pale msichana anapokuwa na cheti kinachotambulika, anapojua kusoma mkataba, na anapojua kwamba nyumbani kwao kazi yake inaheshimiwa, kwa kuwa binti ambaye baba yake amemkana kwa sababu ya ngoma hukubali malipo yoyote anayopewa.

Ninachowashauri ni hiki. Tamasha la Bagamoyo hufanyika karibu kila mwaka tangu 1982. Nendeni wote watatu, mtazame maonesho, kisha mzungumze na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, maana hao ndio wanaoujua mwaka unaowasubiri. Waulizeni wamefanyia wapi mafunzo ya kazini. Kisha iulizeni ofisi ya chuo kozi ipi imesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, kwa ngazi gani, na kama stashahada hiyo inaweza kumfikisha mtu katika shahada ya sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Waulizeni pia kuhusu bweni. Majibu ya maswali hayo yatawafaa kuliko orodha ya wanamuziki maarufu.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nilisoma sanaa za maonesho, na sasa ni mwalimu wa darasa la nne katika shule ya msingi moja wilayani Kahama. Wanadarasa wenzangu tuna kundi la WhatsApp. Mwezi uliopita mmoja wetu alimwomba kila mtu aeleze yuko wapi na anafanya nini. Mmoja aliweka picha za ziara ya Ulaya, mwingine anaongoza tamthilia ya televisheni, mwingine amefungua studio Dar es Salaam. Nilizisoma zote, nikazima simu. Mimi ninafundisha hisabati na Kiswahili, na Ijumaa jioni ninawafundisha watoto bugobogobo kwa majembe ya mbao nyepesi ambayo fundi wa kijijini alituchongea, kwa sababu majembe ya chuma yangewaumiza. Je, ninaweza bado kujiita msanii, au niwaambie tu kwamba niliacha?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Umelitaja jambo kubwa kuliko yote katika barua yako kana kwamba ni nyongeza, kwa hiyo ninalirudisha mbele.

Bugobogobo ni ngoma ya kazi ya Wasukuma, na aliyewahi kuiona anajua kwamba ugumu wake hauko miguuni. Mchezaji hulizungusha jembe mkononi, hulirusha juu, na hulidaka pale ngoma inapopiga, si kabla wala baada. Watoto wakiwa wengi katika mstari, kila mmoja anapaswa kuhesabu kimoyomoyo, kumsikiliza mpigaji, na kumwamini mwenzake wa kushoto kwamba jembe lake halitamwangukia. Umelifikiria jembe la chuma ukaona hatari yake, ukaenda kwa fundi, ukampa vipimo vinavyolingana na mkono wa mtoto wa miaka kumi, na mbao aliyoichagua ikawa nyepesi vya kutosha. Hiyo ni kazi ya jukwaa. Wanaolipwa kufanya hivyo katika majumba makubwa ya maonesho wanaitwa mafundi wa vifaa vya jukwaa, nao wana chumba chao na bajeti yao. Wewe umeifanya Ijumaa baada ya kusahihisha madaftari.

Wala si jambo geni kwa sanaa za maonesho nchini kwetu kuingia shuleni na kufanya kazi nzito huko. Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba, wote wawili walimu wa sanaa za maonesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walikaa pamoja wakachunguza ni nini hasa kinachowazuia kusoma vizuri, wakayatungia igizo yale waliyoyagundua, wakaliigiza mbele ya walimu, wazazi na viongozi, kisha wakadai hatua zichukuliwe. Mambo ambayo msichana mmoja asingethubutu kuyatamka ofisini kwa mkuu wa shule yalisemwa jukwaani na kundi zima, na wakubwa wakayasikia wakiwa wamekaa. Mlama baadaye aliliongoza shirika la FAWE, linaloshughulikia elimu ya wasichana barani Afrika, na Tuseme ikaenea katika nchi nyingine kadhaa. Yeye ni mwandishi wa tamthilia zinazosomwa hadi leo, na bado sidhani kwamba tamthilia yake yoyote imewagusa wasichana wengi kama mradi ule ambao hauna mwigizaji hata mmoja maarufu.

Hata hivyo sitaki kukufariji kwa uongo. Kufundisha darasa la nne na kusafiri na kikundi si kazi moja. Mwenzako aliyeko ziarani anafanya mazoezi ya mwili na sauti kila siku, na wewe hufanyi. Ujuzi wa jukwaani hupungua usipotumiwa, na kama unalikosa jukwaa, hilo ni jambo la kulikiri na kulitafutia njia, pengine kwa kuunda kikundi na walimu wenzako wakati wa likizo. Kwa upande wake, picha za ziara hazioneshi miezi inayofuata, mtu anaporudi akakaa bila kazi hadi mwaliko mwingine, wala hazioneshi bima ya afya ambayo wewe unayo na huenda yeye hana. Nina hakika kwamba katika kundi lenu wako wengine waliozima simu kama wewe, kila mmoja akidhani amebaki peke yake.

Kwa hiyo andika, tena andika kwa ukamilifu. Ningependa taarifa yako isomeke hivi: «Mimi niko Kahama, ninafundisha darasa la nne. Kila Ijumaa ninafundisha bugobogobo; vifaa alivichonga fundi wa hapa kijijini kwa vipimo vyangu. Sijapanda jukwaani tangu nilipohitimu, na ninalikosa. Ninatafuta mtu wa kunisaidia kuandika igizo fupi la watoto kwa ajili ya siku ya wazazi.» Yule mwenye studio anaweza kurekodi nyimbo za wanafunzi wako, na anayeongoza tamthilia anaweza kukutumia mfano wa igizo. Taarifa isiyoomba chochote hupongezwa na kusahaulika siku hiyohiyo.

Ndiyo, jiite msanii.

SWALI: Assalamu alaykum Mhariri. Mimi ni kijana wa Unguja, nimesomea kupiga kanuni, ala ya nyuzi ya taarab. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipiga katika hoteli za pwani ya mashariki pamoja na wenzangu wawili, mmoja hupiga udi na mmoja ngoma ya dumbak. Ikifika masika hoteli nyingi hufunga, na Ramadhani hakuna muziki, kwa hiyo kuna miezi mirefu bila kipato. Juzi nimeona tangazo la hoteli moja mtandaoni, na muziki unaosikika ni wetu, tena sura zetu zinaonekana. Hatukuulizwa wala hatukulipwa. Hatuna mkataba wa maandishi. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam. Nianze na tangazo, kwa sababu hilo halifai kusubiri.

Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki, ya mwaka 2003, inayosimamiwa na COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya huko. Bara wana ya kwao ya mwaka 1999 na ofisi yao ya COSOTA. Kulipwa kwa kupiga usiku mmoja si kuuza haki ya kurekodiwa, na kurekodiwa kwa kumbukumbu si ruhusa ya kutumiwa katika tangazo la biashara. Hifadhini nakala ya tangazo hilo leo hii, pamoja na tarehe na mahali lilipowekwa, kabla halijaondolewa. Tafuteni ujumbe wowote wa simu unaothibitisha kwamba mlialikwa kupiga siku hiyo, hata kama ni maneno machache ya meneja akiwauliza mtafika saa ngapi, maana makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano pale yanapoweza kuthibitishwa. Kisha andikeni barua ya adabu kwa uongozi mkieleza mlichokiona na malipo mnayoyaomba, na nakala mpeleke COSOZA. Anzeni kwa adabu, kwani msimu ujao mtahitaji kazi, na wenye hoteli huzungumza wao kwa wao.

Mkumbuke pia kwamba nyimbo mnazopiga huenda zina wenyewe. Kama ni taarab ya zamani yenye mtunzi anayejulikana, naye au warithi wake wana haki, na mtakapokwenda kudai mtaulizwa.

Mkataba wenu wa baadaye unaweza kutosha katika ukurasa mmoja: muda wa kupiga, malipo na siku ya kulipwa, usafiri na chakula, kiasi mtakachopewa onyesho likiahirishwa siku hiyohiyo, na sentensi moja inayosema kwamba kurekodi kunahitaji ruhusa na malipo ya ziada. Meneja anayekataa kutia sahihi amewaonesha mapema namna atakavyowalipa.

Kuhusu miezi mikavu, wazee wa taarab hawakuitegemea hoteli. Kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kiliendeshwa kwa miaka mingi na watu waliokuwa na kazi nyingine mchana, wakakutana jioni kwa mazoezi. Siku hizi kuna njia ya ziada. Siti Amina, aliyejifunza katika chuo cha muziki cha DCMA na ambaye hupiga udi na kuimba, alianzisha bendi yake na wenzake mwaka 2015 wakapiga taarab iliyochanganywa na miziki mingine, kwa tungo zao wenyewe. Tungo zenu wenyewe ni mali: zinaweza kusajiliwa, na zinaweza kuwafikisha katika tamasha la Sauti za Busara, ambalo hufanyika kila Februari na huwaleta mjini waandaaji kutoka nchi nyingine. Masika itumieni kutunga na kufundisha. Wapigaji wa kanuni si wengi, na mtu anayejua kuitia sauti kanuni ya mwenzake au kubadilisha uzi uliokatika ana kazi hata pale hoteli zinapofungwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Muscat. Darasa letu la sanaa limetawanyika: wengine wako Dar es Salaam, wengine Mombasa, wengine Ulaya. Nimejitolea kukusanya habari za kila mmoja na kuzitengenezea kijitabu. Wapo waliofariki, na wapo wanaosema hawataki kuandikwa. Niifanye vipi kazi hii?

JIBU: Mwulize kila mmoja maswali machache yaleyale: alifanya kazi gani mara baada ya chuo, anafanya nini sasa, ni somo gani la chuoni ambalo bado analitumia, na anahitaji nini kutoka kwa wenzake. Usiulize kuhusu mafanikio, kwa sababu neno hilo huwafanya nusu ya watu wasijibu. Msomee au mtumie kila mtu maandishi yake kabla ya kuyachapa, na usichapishe namba za simu wala anwani.

Waliofariki waandikwe na jamaa zao au na rafiki aliyefanya nao kazi, na ziwekwe kazi zao zenyewe pale zinapopatikana: picha moja, ukurasa mmoja wa igizo, mistari michache ya wimbo. Kwenye kila picha ya zamani andika majina kuanzia kushoto, mahali na mwaka, sasa hivi wakati bado wako watu wanaozitambua nyuso. Weka nakala katika nchi zaidi ya moja. Moto uliounguza Paa ya Paa mwaka 1997 uliteketeza kazi za miaka mingi ambazo hazikuwa na nakala, na ukumbi wa maonesho wa Bagamoyo nao uliungua mwaka 2002. Majengo yalisimamishwa tena, lakini karatasi na turubai haziwezi kujengwa upya.

Anayekataa kuandikwa, mwombe ruhusa ya kutaja jina lake na mwaka aliohitimu tu. Akikataa hata hilo, liheshimu neno lake, na mtumie kijitabu kikishatoka.